Mji wa Ndani ya Kofia

Gaudence alikuwa na shahada kutoka nchi iliyokwisha kufutwa kwenye ramani, na kazi yake ilikuwa kujenga mji mkuu ambao ulikuwa haujafika. Kati ya nchi iliyoondoka na mji ambao haujaja, yeye mwenyewe alikuwepo, mtu mrefu mwembamba wa Karagwe, amepanga chumba kimoja Chang'ombe ya Dodoma. Watu waliomwonea huruma kwa ajili ya shahada walikuwa hawajasikia habari ya kazi.

Alikwenda Ujerumani Mashariki kusoma kompyuta akiwa kijana. Siku ya kurudi, chuo kilikuwepo, walimu walikuwepo, hata mama wa bwenini aliyemzoea alikuwepo, ila nchi haikuwepo. Nyumbani kila ofisi aliyokwenda ilimwambia arudi wiki ijayo, na mwishowe akapelekwa Dodoma, maana wakati ule Dodoma ndiko alikopelekwa mtu ambaye wakubwa wa Dar es Salaam hawakujua la kumfanyia.

Hapo ni mwaka 1998. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma tangu Gaudence akiwa shule ya msingi, na bado ilikuwa inahamia. Wabunge walikuja, wakakaa vikao vyao, wakaondoka, na mji ukabaki na vumbi lake na upepo wake. Watumishi wa Dar wakisikia neno uhamisho walipandwa na presha. Wengine walileta vyeti vya daktari kwamba mapafu yao hayaelewani na hewa ya kanda ya kati. Ndipo Mzee Anyitike, mkuu wa ofisi ndogo iliyoitwa Kitengo cha Mji Ujao, alipopata wazo. Watu hawahamii Dodoma, alisema, kwa sababu mji hawauoni. Basi waonyeshwe. Kitengo kilikuwa kimeomba pampu ya maji kwa wafadhili wa nchi moja ya baridi, na wafadhili, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walileta kofia. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kiliingia nchini, na kofia nazo zikaingia.

Kofia yenyewe ilikuwa nzito. Ukiivaa, macho yanafunikwa na vioo viwili vidogo vya televisheni, masikio yanazibwa na spika ndogo, kipaza sauti kinakaa mbele ya mdomo, na waya mnene unakufunga kwenye kompyuta kama mbuzi wa mnadani. Ukigeuza kichwa, mji uliomo mle ndani nao unageuka. Ukisogeza mguu kwenye zulia lililokuja nayo, unatembea mtaani. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, huo mji wenyewe na programu ya kuuendesha, ambayo wenzake Gaudence wa huko alikosoma waliiita injini. Hiyo aliambiwa aitengeneze yeye.

Sasa lazima nimtaje Evodia, maana bila yeye Gaudence angeifanya kazi hii kama wenzake wote wa kitengo, yaani asingeifanya. Evodia alikuwa mkewe wa ndoa ya kanisani, mhasibu katika wizara moja Dar es Salaam. Miaka minne walikuwa wanaishi hivyo, mume bara, mke pwani. Gaudence akienda likizo walikaa siku za mwanzo kama mtu na mgeni wake, wakipishana mlangoni kwa kuombana radhi, na walipoanza kuzoeana likizo ilikuwa imekwisha. Kila alipompigia simu ya ofisini kumgusia habari ya kuhama, Evodia alijibu neno lile lile.

"Mji ukiwepo, nitakuja."

Naye Gaudence alimjibu asubiri kidogo. Nyumba za watumishi zilikuwa zinakuja upande wa Msalato. Lami ilikuwa inakuja. Maji ya uhakika yalikuwa yanakuja.

"Huko kila kitu kinakuja isipokuwa mimi," Evodia alisema siku moja, na simu ikakatika, haijulikani kama ni mtambo au ni yeye.

Mwezi wa saba benki mpya ya watu binafsi ikamwita Evodia. Mshahara wa kueleweka, ofisi yenye kiyoyozi, na wanataka jibu kabla ya Agosti kwisha. Benki ile haikuwa na tawi Dodoma wala haikuota kuwa nalo. Gaudence alielewa mara moja maana yake. Evodia akisaini, yeye atakuwa na mke wa Krismasi na Pasaka mpaka wazeeke. Aliogopa, na aliogopa hasa. Lakini katikati ya Agosti watumishi wa wizara mbalimbali walikuwa wamepangiwa kuletwa kwa basi kuuona mji wa kofia, na Gaudence alikwenda mwenyewe kwa Mzee Anyitike kuhakikisha kwamba Evodia naye anaitwa. Akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Hakuanza kwa kuandika programu. Alianza kwa kuchora. Alichukua karatasi kubwa ya ramani ya viwanja, akaigeuza upande mweupe, akaibandika ukutani, na juu yake akachora masanduku. La kwanza aliliita Mpokezi: huyu anakaa na kofia na kusema kichwa kimegeuka kiasi gani, mguu umesogea wapi, mdomo umetoa sauti gani. Linalofuata ni Mwamuzi, ambaye huamua kama hatua hiyo inawezekana au mtu ataingia ukutani. Kisha Ghala, ambamo mji mzima umelala, kila tofali na kila dirisha, naye hutoa vile tu vinavyoonekana kutoka pale mtu aliposimama, kwa sababu kuutoa mji wote kwa mpigo kungeiua kompyuta. Kisha Mchoraji, anayepaka picha mbili kila mara, moja ya jicho la kulia na moja ya kushoto, zikitofautiana kidogo ili mtu aone kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Wa mwisho ni Saa, anayewapigia filimbi wote waanze upya. Mzunguko mzima ulitakiwa kwisha kabla kope haijafumba. Ukichelewa, kichwa kinakuwa kimegeuka na mji haujageuka, na tumbo la mgeni haliwezi kuvumilia jambo hilo.

Sheria yake ilikuwa moja. Kila sanduku lijue kazi yake, lisichungulie ya mwenzake, na lisimruke jirani kwenda kuzungumza na mtu wa mbali. Alirudi nyuma hatua chache akautazama mchoro wake, na kusema kweli alifurahi. Hakuwahi kuona ofisi ya namna ile.

Mzee Anyitike alikuja kuukagua. Alivaa miwani, akasoma sanduku moja moja kwa kidole, akavua miwani.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Wapi, mzee?"

"Hapa. Namwona mpokezi, namwona mtu wa ghala, hata mpiga filimbi yupo. Mkuu wa kitengo simwoni. Picha inatoka ghalani inakwenda moja kwa moja kwa mwananchi. Nani kaiidhinisha?"

Gaudence akamweleza kwa upole kwamba hii ni programu tu, si watu.

"Hata kama. Siku ikitoka picha mbaya, ataitwa nani kujieleza? Ataitwa Mchoraji?"

Swali halikuwa la kijinga, ndiyo taabu yake. Gaudence akachukua kalamu, akachora sanduku jingine katikati kabisa, akaliandika Mkuu, na mishale yote akaikunja ipite humo. Mzee Anyitike akaridhika, ila alipofika mlangoni akageuka.

"Na nikisafiri?"

Likachorwa sanduku la Kaimu.

Jaribio la kwanza alifanyiwa Seth, dereva wa kitengo, kijana mcheshi aliyejitolea mwenyewe. Seth aligeuka kulia alitazame jengo la Bunge. Jengo halikuja, lilikuwa kwa Mkuu linasubiri idhini. Akageuka kushoto, na hapo ndipo Bunge likatokea, kisha barabara, kisha Bunge tena. Seth akatoka nje mbio akatapika kwenye maua ya ofisi. Gaudence akarudi kwa Mzee Anyitike na pendekezo: vipi kama Mkuu ataidhinisha mapema picha zote zitakazotoka, mpaka hapo atakapoona vinginevyo? Mzee akalipenda sana pendekezo hilo, akasema ndivyo wanavyofanya hata kwenye mambo mazito zaidi. Basi sanduku la Mkuu likabaki pale katikati, kila kitu kinapita kwake, naye hafanyi lolote. Mji ukaanza kwenda vizuri.

Majengo ya serikali Gaudence aliyamaliza harakaharaka kutoka kwenye ramani. Alichokaa nacho ni nyumba moja. Rasmi ilikuwa nyumba ya mfano ya mtumishi wa ngazi ya kati. Jikoni aliweka bomba linalotoa maji wakati wote, na dirisha linalotazama kilima cha Mlimwa, kwa sababu Evodia hakupenda kupika akiwa amegeukia ukuta. Chumbani aliweka kabati refu. Mbele ya veranda aliweka ukoka, ambao Dodoma nzima ungeweza kuuhesabu kwa vidole. Alipaka rangi, akaifuta, akapaka tena. Wenzake walifikiri ni bidii ya kazi, wakamwonya asiharibu viwango vya kitengo.

Ilibaki kuwajaribu watu wa kawaida. Stara, katibu muhtasi wa ofisi, akamleta mjomba wake Mzee Masudi, mfanyabiashara wa sokoni. Wao ni wa zile familia za mjini ambazo babu zao walifika na misafara ya zamani, wakapaona, wakatua mizigo wasiondoke tena. Mzee Masudi alivua barghashia akampa Stara amshikie, akavishwa kofia, akaanza kutembea kwenye zulia mikono yake ameifunga nyuma. Gaudence na wengine walifuata kwenye skrini kile alichokuwa anakiona.

"Mji safi," akasema Mzee Masudi. "Ila watu wamekwenda wapi? Kuna msiba?"

"Watakuja, mzee," akajibu Mzee Anyitike.

Akaifikia ile nyumba. Akapanda veranda, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi kabisa, sebule inaonekana yote.

"Hodi," akasema.

Nyumba kimya. Gaudence akangoja aingie. Mzee Masudi naye akangoja.

"Hodi hapa."

Akajisogeza pembeni kidogo, asije akaonekana anachungulia ndani. Akakohoa.

"Hodi wenyewe." Kisha akageuka na kuanza kuondoka. "Hawapo. Nitapita tena jioni."

"Ingia tu, mzee," akasema Gaudence. "Mlango uko wazi."

"Mlango kuwa wazi na wenyewe hawapo ndiyo mbaya zaidi. Kikipotea kitu?"

"Hakuna kitu cha kupotea, mzee wangu. Si nyumba ya kweli hii."

"Ya kweli ningewauliza majirani," akajibu Mzee Masudi, na akaomba avuliwe.

Jioni alirudi kama alivyoahidi. Alivishwa kofia, akapiga hodi zake, akaambulia kimya, akasema waambiwe Masudi alipita. Kesho yake akaletwa Mzee Matonya, mkulima wa Chamwino, akafanya vile vile, na yeye alikaa kwa kuchuchumaa pale verandani muda mrefu akiwangojea wenye nyumba, mpaka umeme ukakatika. Akaletwa mama mmoja wa Bahi aliyekuja mjini na samaki wake. Huyo hata veranda hakupanda. Alisema nyumba nzuri hivyo isiyo na sauti ya mtu, yeye haikaribii.

Gaudence alikaa chini. Wiki zote zile yeye mwenyewe hakuwahi kupita mlangoni. Kila alipowasha programu, aliiamuru imweke sebuleni moja kwa moja, kwa namba, na kutoka hapo akaendelea na kazi yake. Alikuwa anaingia nyumba ya watu kwa kutokea katikati ya sebule kama jini, na hakuwahi kuona ubaya wake. Sasa alimwona Evodia amesimama kwenye veranda ile ile, anapiga hodi, hakuna anayemjibu, anageuka kurudi Dar kusaini mkataba wa benki.

Mzee Anyitike alishauri kiwekwe kibao kilichoandikwa "Ingia". Stara akasema kibao hakijawahi kumkaribisha mtu.

"Ajibu binadamu, bwana Gaudence. Mtu akisikia karibu, ataingia."

Lakini ajibu nani? Gaudence alisimama mbele ya mchoro wake asubuhi nzima. Mpokezi anasikia sauti, ila hajui mtu amesimama wapi. Mwamuzi anajua mtu yuko mlangoni, ila ni kiziwi. Akiwaruhusu hawa wawili kurukana na kuzungumza, sheria yake nzuri inavunjika, na kesho kila sanduku litakuwa linapiga kelele na kila sanduku. Alikwenda na kurudi, akakuna kichwa, na hatimaye jicho lake likatua katikati. Huyu hapa, kila kitu kinapita kwake, sauti na hatua na picha, na hana kazi. Hivyo ndivyo Mkuu alivyopewa kazi ya kufanya, jambo ambalo ofisi ile ilikuwa haijapata kulishuhudia.

"Kwa hiyo mimi ndiye nitakayewakaribisha," akasema Mzee Anyitike alipoelezwa, na uso wake ukang'aa kweli. "Kwa sauti yangu?"

Wakajaribu sauti yake. Mzee alishika kipaza sauti akasema, "Karibuni, mketi kwa kuzingatia itifaki," na ikaonekana wazi kwamba haitafaa. Gaudence naye alijifungia kidogo na kipaza sauti, akatoka akasema sauti yake imekwaruza. Ikabaki sauti ya Stara, iliyokuwa tamu na ya kuvuta, sauti ya mtu aliyekulia nyumba isiyokauka wageni. Akarekodi sentensi tatu, na Gaudence akamrudisha mara nyingi mpaka akamkera. Kompyuta haikuweza kuelewa maneno. Ilijua tu kwamba pale mlangoni pametoka sauti, na kila ikisikia sauti ilitoa sentensi inayofuata katika zile tatu, ikimaliza inaanza upya. Ukikohoa, unakaribishwa. Akaitwa tena Mzee Masudi. Akapiga hodi, akajibiwa, akavua viatu, akaingia, akasema, "Kumbe walikuwa safari."

Siku ikafika. Basi la watumishi kutoka Dar, Seth akiwa kwenye usukani, liliingia saa nane mchana likiwa limebadilika rangi kwa vumbi. Evodia alishuka amejifunga kitambaa kichwani, begi lake kaliacha kwenye kiti. Walisalimiana kwa kushikana mikono, kama wajumbe.

"Hujasaini?" Gaudence akauliza.

"Karatasi ziko kwenye begi. Nimekwambia nitauona kwanza huo mji wenu."

Watumishi wakakalishwa ukumbini. Mmoja mmoja alivishwa kofia na wengine wakatazama kwenye skrini kubwa. Mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Kila aliyefika mlangoni alipiga hodi, akakaribishwa, na kila aliyekaribishwa akavua viatu, vya kweli, pale pale juu ya zulia, wengine wakasahau kuvivaa tena, na mbele ya meza ya kompyuta pakawa na viatu kama barazani siku ya maulidi. Mzee Anyitike alikuwa anasugua mikono.

Zamu ya Evodia ikafika. Gaudence alimvisha kofia mwenyewe. Evodia alitembea mtaani taratibu, akalitazama Bunge, akapanda veranda, akautazama ule ukoka. Gaudence alimwona anatabasamu chini ya kofia.

"Hodi," akasema Evodia.

"Karibu ndani," ikajibu sauti ya Stara.

Tabasamu likasimama.

"Wewe ni nani?"

"Jisikie upo nyumbani."

"Nakuuliza, wewe ni nani katika nyumba hii?"

"Baba yupo, anakuja sasa hivi."

Evodia alikuwa ameweka mikono kiunoni.

"Baba yupi?"

"Karibu ndani."

"Nitaingia, usinifundishe," akasema Evodia, na akaingia, na hakuvua viatu.

Hapo injini ya Gaudence ilipata mtihani ambao asingeweza kuupanga. Wageni wengine walisimama sebuleni, wakasifu, wakatoka. Evodia aliipekua nyumba. Aliingia jikoni akageuka ghafla nyuma ya mlango. Aliingia chumbani, akalisogelea kabati refu mpaka milango yake ikafunguka, kabati ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Akapiga magoti akachungulia uvunguni. Ukuta haukutikisika, picha haikuchelewa, Mwamuzi hakukosea hata hatua moja. Gaudence alitazama kazi yake ikifanya vizuri kuliko siku zote, na wakati huo huo alitamani sakafu impokee.

"Mnaona, watumishi wenzangu," akasema Mzee Anyitike kwa sauti ya hotuba. "Ndugu yenu amekwisha kuhamia."

Ukumbi ukapiga makofi. Evodia akavua kofia, kitambaa kimemteleza, jasho linamtoka.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" akamwuliza mumewe.

Kabla Gaudence hajajibu, Stara, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia na chupa ya chai na vikombe na hakuwa na habari yoyote, akageuka na ukarimu wake wa siku zote.

"Karibu chai, dada."

Ilikuwa sauti ile ile. Kila mtu aliijua. Evodia akamtazama Stara toka utosini hadi kwenye kandambili, na Stara, ambaye hakuwa mjinga, akaielewa hali yote kwa mara moja. Akaweka kikombe chini.

"Dada, mimi ni mdomo tu, nyumba ni yako," akasema. "Huyu mumeo alinitesa. Kila nikisema karibu, anasema bado, haijafika, sema tena, sema kama unamngojea mtu ambaye umemngojea miaka. Nikamwambia, bwana Gaudence, mbona unajua vizuri inavyotakiwa kusemwa, si useme mwenyewe? Akasema sauti yake imekwaruza. Na haikuwa imekwaruza."

Evodia akageuka kwa Gaudence.

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Sauti ya kiume," Gaudence akaanza, "inachukua nafasi kubwa zaidi kwenye diski." Ulikuwa uongo wa kitaalamu, na hakuna aliyeuamini hata Mzee Anyitike, ambaye aliamini mengi.

Evodia akatoka nje. Ndani maonyesho yakaendelea, na mwisho wake watumishi wote wa Dar walisema mji ni mzuri sana na wakaomba wajulishwe ule wa nje utakapokuwa tayari. Mwaka uliofuata kitengo kilifungwa katika kupunguza watumishi, na kofia zikafungiwa stoo, ambako kwa ninavyojua ziko mpaka leo. Lakini Gaudence hakuyasikia hata hayo maombi ya wageni. Alikuwa amemfuata mkewe uani, akamkuta amekwisha kupanda basi tupu, ameketi kwenye kiti chake, begi mapajani, dirisha wazi.

"Miaka minne unaniambia subiri," akasema Evodia bila kumtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Gaudence zaidi. "Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa karibu Dodoma, na ameniambia mtu mwingine."

"Zile nyumba za Msalato zikishakamilika tu..."

Evodia akaanza kuvuta kioo cha dirisha.

Gaudence akakizuia kwa mkono. Hakuna sanduku lolote aliloweza kumtuma.

"Chumba ni kimoja," akasema. "Choo kiko uani, tunachangia na nyumba nzima. Maji yanatoka Jumanne, na Jumanne nyingine hayatoki. Vumbi linaingia hata dirisha likifungwa. Jirani anafungua redio tangu alfajiri, na mwenye nyumba anafuga bata. Nakula peke yangu, Evodia, na siku nyingine sipiki kwa sababu sioni wa kumpikia. Nilidhani ukipaona utakataa, ndiyo maana nikawa nakwambia subiri. Karibu. Njoo hivyo hivyo palivyo."

Upepo ulikuwa unavuma uani na kumjaza Gaudence vumbi machoni.

"Kitanda?" akauliza.

"Futi tatu na nusu."

"Tutabanana," akasema Evodia, na akampitishia begi dirishani.